Gemu za kale zimerudi, lakini timu yetu ya Kibera haimo

Wahenga walituachia methali mbili ambazo ukizitazama kwa makini utaona haziketi katika mkeka mmoja. Ya kwanza yasema, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ya pili yasema, ya kale dhahabu. Kampuni zinazounda michezo ya video zimeishika hii ya pili kwa mikono miwili. Michezo tuliyoicheza tukiwa wadogo inafufuliwa mmoja baada ya mwingine, inapakwa rangi mpya na kurudishwa sokoni kama suti ya mtumba iliyofuliwa na kupigwa pasi pale Toi.

Wewe mzazi unayesoma ukurasa huu huenda umekwisha kuyasikia majina hayo kwa watoto wako. Resident Evil 2, iliyotoka mwaka wa 1998, iliundwa upya mwaka wa 2019. Final Fantasy VII ya mwaka wa 1997 ilirudi na sura mpya mwaka wa 2020, na sehemu yake ya pili ikafuata mwaka wa 2024. Crash Bandicoot alirudi mwaka wa 2017. Contra, ule mchezo wa askari wawili wanaokimbia huku wakifyatua risasi, ulirudi mwaka wa 2024 kwa jina la Operation Galuga. Hata mashine yenyewe ya kwanza ya PlayStation ilitolewa tena mwaka wa 2018, ikiwa ndogo kama sahani, na michezo 20 ikiwa ndani yake.

Mimi nilizaliwa na kulelewa Kibera, na sasa makazi yangu ni Kawangware. Nina kijana wa shule ya sekondari ambaye huniuliza, "Baba, nyinyi zamani mlicheza gemu gani?" Swali hilo limenifanya nifikiri sana. Je, hizi zinazorudishwa kwa mbwembwe ndizo kweli tulizozipenda sisi?

Nitaanza na zile ambazo jibu lake ni ndiyo. Katikati ya miaka ya tisini, mashine iliyofika mitaani kwetu ilikuwa ya kuiga ile ya Nintendo, na kaseti zake zilikuwa za rangi ya manjano. Juu ya kaseti iliandikwa kwamba ndani mna michezo 9999. La hasha! Kaka yangu mkubwa aliketi siku nzima akiihesabu, akagundua kwamba ni michezo michache tu iliyorudiwarudiwa kwa majina tofauti. Mlikuwa na Mario, Contra, bata wa kupigwa kwa bunduki, na ule wa vifaru ambao jina lake halisi ni Battle City. Huo wa mwisho ulitengenezwa na kampuni ya Namco mwaka wa 1985 kwa ajili ya Wajapani. Hakuna wakala aliyewahi kuuleta hapa rasmi, na hata hivyo hakuna mtoto wa rika langu asiyeujua.

Televisheni ilikuwa Great Wall ya inchi 14, isiyo na rangi, na mara nyingi ilitumia betri ya gari. Kwa hivyo nilikuwa nimekwisha kuwa mtu mzima nilipojua kwamba kofia ya Mario ni nyekundu.

Contra nayo ilitufunza jambo moja ambalo hadi leo hunishangaza. Kila mtoto alijua kwamba ukibonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha B na A, unapewa maisha 30 badala ya matatu. Siri hiyo ilibuniwa na Mjapani mmoja, Kazuhisa Hashimoto, aliyekuwa akiunda mchezo mwingine uitwao Gradius mwaka wa 1986. Aliuona mgumu mno, akajiwekea njia ya mkato. Hatukuwa na simu wala intaneti, na gazeti la mambo hayo hatukuliona. Siri ilitoka Japani ikafika Laini Saba kwa mdomo, kama habari ya msiba au ya harusi. Hashimoto aliaga dunia Februari 2020.

Michezo hiyo ukiinunua leo ikiwa imetolewa tena, utaikuta ilivyokuwa. Lakini ipo iliyokataa kurudi. Mfano ni ule wa bata. Bunduki yake haitoi kitu chochote, bali inaona. Ukifyatua, kioo huwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, kisha bata huwa doa jeupe, na bunduki hulitafuta doa hilo. Kazi hiyo inategemea televisheni zile za kisogo kirefu, ambazo huchora picha mstari kwa mstari kwa wakati maalumu. Televisheni bapa za siku hizi huchelewa kidogo tu, na kuchelewa huko kunatosha kuifanya bunduki iwe kipofu. Kijana wangu alipoijaribu bunduki ya jirani kwenye televisheni yetu ya sebuleni, bata wote walijiendea zao salama.

Sasa tuje kwenye vibanda, maana huko ndiko wengi wetu tulikochezea. Ni wachache mno walioweza kununua mashine. Tulilipa Sh5, baadaye Sh10, tukaketi kwenye benchi ndani ya chumba cha mabati na kungoja zamu. Na hapa pana jambo ambalo wanaoandika orodha za michezo bora duniani hawalijui. Katika kibanda, aliyechagua mchezo hasa alikuwa ni hesabu ya mwenye kibanda. Mchezo kama Final Fantasy VII, wenye CD tatu na hadithi ya saa nyingi, ungemkalisha mtu mmoja kwenye kiti wiki nzima. Nani angemngoja? Mwenye kibanda alitaka mchezo wa dakika kumi, watu wawili, mmoja ashinde na mwingine atoke. Ndiyo maana kwetu sisi michezo ya kale ni ya aina mbili tu: ngumi na kandanda.

Kwenye ngumi, Tekken 3 ilikuwa mfalme. Kila asiyejua kupigana alimchagua Eddy Gordo, Mbrazili anayecheza capoeira, sanaa ambayo watumwa wa Kiafrika waliikuza kule Brazil. Ulibonyeza vitufe vya mateke kama anayetwanga kisamvu, na mara mpinzani yuko chini. Eddy alirudi mwaka wa 2024 katika Tekken 8, ila safari hii anauzwa kando. Kijana wangu aliponieleza hivyo nilicheka. Kwetu Eddy alikuwa wa bure, na ndiyo sababu alichukiwa!

Mchezo huo huo wa Tekken ndio uliompa jina Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow. Mwaka wa 2018 alisajiliwa na timu ya kimataifa ya michezo ya video, jambo ambalo hakuna mwanamke wa Kenya aliyekuwa amelifanya kabla yake. Nalitaja hili kwa ajili ya wazazi wanaodhani kwamba pedi ni ya wavulana peke yao.

Kwenye kandanda tulikuwa na Pro Evolution Soccer, na huko ndiko moyo wangu uliko.

Toleo la sita, la mwaka wa 2006, lilitufikia kwenye PlayStation 2. Lilikuwa na dosari moja. Kampuni ya Konami haikuwa na haki ya kutumia majina ya timu zote, kwa hivyo Chelsea iliitwa London FC na Liverpool ikaitwa Merseyside Red. Mashabiki walichukia. Lakini mchezo ulikuwa na mlango wa nyuma: ungeweza kuingia ndani na kubadilisha majina, sura, urefu, viatu na hata uwezo wa kila mchezaji, kisha ukahifadhi kazi yako kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu.

Kaka yangu alianza kwa kuirekebisha Liverpool, maana ndiyo timu yake. Alipoona kwamba mkono umezoea, alitafuta timu moja isiyopendwa na mtu, akafuta jina lake, akaandika KIBERA. Kisha akaanza kuwafuta wachezaji mmoja mmoja na kutuweka sisi. Aliandika kila herufi kwa kuisogeza alama kwa pedi. Kazi hiyo ilimchukua majuma kadhaa, na alikuwa akimlipa mwenye kibanda kama mtu anayecheza.

Golikipa alikuwa kijana aliyeuza viatu vya mitumba Toi, mfupi kuliko magolikipa wote duniani. Beki wa kati alikuwa Mnubi wa Makina, mwenye kifua kama mlango. Kiungo alikuwa Mkikuyu aliyechoma mahindi karibu na Olympic, na wingi alikuwa Mjaluo wa Gatwekera ambaye kwa kweli alikimbia kama swara. Walikuwemo Waluhya wawili, Mkamba mmoja, nami nikapewa nafasi ya beki wa kushoto. Kila mmoja alipewa alama za uwezo hadi 99, na hapo ndipo vita vilipozuka. "Yaani mimi kasi yangu ni 70? Umewahi kuniona nikikimbia mvua?" Lakini alama moja haikuleta ubishi. Kaka aliwapa wote 99 kwa pumzi, akasema kwamba mtu anayetoka Kibera kwa miguu hadi Industrial Area alfajiri na kurudi jioni hawezi kuchoka kwa dakika 90.

Timu hiyo ilicheza na Barcelona. Ilicheza na Brazil. Watu walisimama nje ya kibanda wakichungulia kwenye matundu ya mabati ili waone jina lao likipita chini ya kioo. Wengi hawakuwa wamewahi kuliona jina lao likiandikwa mahali popote isipokuwa kwenye kitambulisho.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Yaliyofuata hayahitaji kusimuliwa kirefu kwa Mkenya. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa kote nchini, soko la Toi likateketea, na reli inayopita Kibera iking'olewa. Kibanda chetu hakikusalimika. Kadi ya kumbukumbu ilikuwa mali ya kaka, na kwa kuwa alikuwa na mazoea ya kuichomoa kila jioni, ilikuwa mfukoni mwake. Mwezi wa pili, kabla ya Mwai Kibaki na Raila Odinga kutia saini mkataba wa amani, tulihamia kwa shangazi yetu Kawangware, ambako nako hakukuwa shwari sana. Timu ya Kibera ilitawanyika. Mmoja yuko Mombasa. Mmoja ni mwendeshaji bodaboda hapa Stage 2, na tukikutana tunasalimiana kwa namba za jezi. Golikipa alifariki. Wengine sijawaona tena tangu wakati huo.

Sasa, msomaji, tafakari jambo hili. Ni kampuni gani itakayoiunda upya timu hiyo?

Si timu yetu peke yake. Kandanda ya kwenye kioo kwa jumla haifufuliwi. Chukua FIFA 11, iliyotoka mwaka wa 2010. Ukiifungua utamkuta McDonald Mariga akiwa Inter Milan, miezi michache tu baada ya klabu hiyo kutwaa kombe la mabingwa wa Ulaya. Utamkuta Dennis Oliech akiwa Auxerre ya Ufaransa. Nakumbuka vijana wa Kawangware waliokuwa wakichagua Auxerre, timu ambayo hawakuweza hata kulitamka jina lake, kwa sababu ya Oliech tu. Lakini majina, nyuso na jezi hukodiwa kwa mkataba, na mkataba ukiisha, mchezo huondolewa dukani. Mwaka wa 2022 FIFA na kampuni ya EA ziliachana, na mwaka wa 2023 EA ikaondoa matoleo ya zamani ya FIFA katika maduka ya mtandaoni. Pro Evolution nayo ilibadilishwa jina mwaka wa 2021, ikawa eFootball. Kwa hivyo gemu iliyopendwa kuliko zote Kibera na Kawangware ndiyo isiyo na mtu wa kuirudisha.

Na hili si letu peke yetu. Mwaka wa 2023, shirika la Video Game History Foundation la Marekani lilichunguza michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka wa 2010, likakuta kwamba asilimia 87 haipatikani tena madukani. Kinachorudishwa ni kile ambacho mwenye haki ameona kwamba kitamlipa. Hata hicho hakirudi salama kila mara. Michezo mitatu ya Grand Theft Auto, ikiwemo San Andreas, ilipotolewa upya Novemba 2021, ilikuwa na kasoro nyingi hivi kwamba kampuni ya Rockstar ikawaomba wateja radhi. Bei nayo haishikiki. Mchezo mpya mkubwa huuzwa kwa dola 70, ambazo ni karibu Sh9,000. Hiyo ni kodi ya miezi kadhaa ya chumba cha mabati.

Basi ni nani aliyeitunza hii dhahabu ya kale? Jibu ni mafundi wetu. Kawangware, nyuma ya maduka, utamkuta fundi mwenye PlayStation 2 tatu zilizofunguliwa tumbo ili moja ipate kupumua. Anabadilisha jicho la kusomea CD, anasugua CD iliyokwaruzwa, anauza televisheni za kisogo ambazo wengine walizitupa tulipohamia dijitali mwaka wa 2015. Huko ng'ambo watu husema kwamba wanairudia michezo ya zamani. Kwetu haikuondoka kamwe. Ilihama tu kutoka kwa tajiri hadi kwa maskini, kutoka sebule hadi kibanda.

Kaka yangu siku hizi anafanya kazi ya ulinzi Qatar. Alipoondoka aliniachia kadi ile ndani ya bahasha. Mwaka jana alinipigia simu, na baada ya salamu za nyumbani akauliza, "Ndugu yangu, ile kadi bado inasoma?" Nikaipeleka kwa fundi. Aliipangusa kwa spiriti, akaitia kwenye mashine, tukangoja. Ikasoma. Kwa Sh200 akainakili kwenye flashi ili isipotee, na wikendi hiyo akaniazima mashine.

Nilicheza na kijana wangu. Yeye alichukua Brazil, mimi Kibera. Stima ilipotea mara moja tukaanza upya. Alicheka picha ilivyo ya vipembe, akalalamika kwamba wachezaji hawana jasho usoni kama wa siku hizi. Kisha akauliza, "Baba, huyu kipa mbona ni mfupi hivi?" Nikamwambia alikuwa nani. Akauliza kuhusu beki, nikamwambia. Akauliza kuhusu wingi, na kuhusu yule wa mahindi, na mwisho akauliza swali ambalo nilijua litakuja: "Na sasa wako wapi?"

Nilikuwa sijawahi kumweleza mtoto huyo habari za Januari 2008. Shuleni ameisoma kama tarehe. Siku hiyo tuliiacha mechi katika kipindi cha pili, mabao ni mawili kwa moja, nikamsimulia. Alinisikiliza bila kugusa simu yake. Kisha akasema, "Kwa hivyo hapa ndani bado wanapasiana?" Nikamjibu, ndiyo, hapa bado wanapasiana. Mama yake, ambaye kwa kawaida huita gemu upotezaji wa wakati, aliketi nasi na kuuliza yule beki wa kushoto mwembamba ni nani.

Nina mambo machache ya kuwaambia wazazi wenzangu. Kwanza, mtoto akienda kibandani, nenda nawe siku moja, uketi kwenye benchi. Utajua kinachochezwa, na utajua kama saa hizo ni za shule. San Andreas, kwa mfano, hata iking'arishwa namna gani, imewekwa katika daraja la watu wazima. Pili, kabla ya kutoa Sh9,000 kwa mchezo wa kale uliovishwa nguo mpya, uliza mafundi wa mtaani kama ule wenyewe upo. Mara nyingi upo, kwa bei ya chakula cha mchana.

Tatu, nanyi vijana, kadi za kumbukumbu, kaseti na simu zilizokufa zilizomo ndani ya makasha yenu si takataka zote. Kadi hizo huzeeka na data yake hufutika. Mpeleke fundi azinakili wakati bado zinasoma. Kampuni za Japani na Marekani zitaendelea kumfufua Mario na Eddy, na ni vyema, maana nasi twawapenda. Lakini golikipa mfupi wa Toi hayumo katika orodha yao. Akipotea kwenye kadi yetu, amepotea duniani.

Usiache mbachao kwa msala upitao.